Kupunguza mafuta kwenye mtori, chapati na chipsi mayai bila kuvifanya chakula cha mgonjwa

SWALI: Habari za kazi. Naishi Majengo, Moshi, na mume wangu na watoto watatu. Kliniki wamemwambia mume wangu apunguze uzito na chumvi, presha imeanza kupanda. Nikaanza kuchemsha kila kitu. Siku ya tatu akarudi nyumbani ameshakula zege, yaani chipsi mayai, kibandani, na watoto wanachokonoachokonoa tu sahani. Je, mtori, chapati, chipsi mayai na maandazi vinaweza kupikwa vyepesi na bado vikawa vyenyewe? Sina oveni. Nina jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa.

JIBU: Dada, pole kwa hekaheka. Vinaweza, isipokuwa maandazi, ambayo nitayasemea mwishoni. Na oveni huihitaji.

Tuanze na kilichowafukuza mezani. Kwenye kila sufuria kuna mafuta ya aina mbili: yale ambayo ulimi unayasikia na yale ambayo hauyasikii. Kijiko kilichokaanga kitunguu mpaka kikawa cha kahawia, huyo ndiye mwenye harufu inayomwita mtu kutoka barazani. Lakini mafuta yaliyoelea juu ya supu, yale ambayo chapati imeyanywa kwenye kikaango, yale ambayo kiazi kimeyafyonza kikiwa kinapoa, hayo hakuna anayeyaonja, ila mwili unayahesabu yote. Ukichemsha kila kitu umeondoa ya kwanza na ya pili kwa mkupuo mmoja. Unachotakiwa ni kuyasaka ya pili na kuyaacha ya kwanza.

Kabla ya mapishi, nunua kijiko cha kupimia, au chagua kijiko kimoja cha chakula na kimoja cha chai visitoke jikoni. Kijiko cha chakula ni mililita 15, na mafuta ya kiasi hicho yana kalori kama 120. Cha chai ni mililita 5, kalori 40. Sasa chukua upawa wako, ujaze maji, uyapime kwa kile kijiko. Upawa mdogo tu unaweza kubeba vijiko vinne mpaka sita. Mpishi anayekadiria kwa macho humimina kiasi hicho bila kuona ametenda jambo. Bandika kipande cha plasta kwenye chupa ya mafuta ya lita moja, uandike tarehe uliyoifungua. Lita moja ina zaidi ya kalori 8,000, na siku itakapokwisha utajua mwenyewe nyumba yako inakula kiasi gani, bila kuambiwa na mtu. Na kifuniko ukitoboe tundu dogo kwa msumari wa moto, chupa itoe mafuta kwa matone badala ya kumwaga.

Wengi hudhani wakiacha mafuta ya mawese wakahamia alizeti wameshapunguza uzito wa chakula. Alizeti ina mafuta magumu, yale yanayoganda kirahisi, machache zaidi; nusu ya mawese ni mafuta ya aina hiyo, kwa hiyo kwa moyo na mishipa ya mzee wako ni hatua nzuri. Lakini kalori ni zilezile, kijiko kwa kijiko.

Chipsi mayai

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayokuibia mume.

Simama siku moja kibandani uangalie. Viazi vimeshakaangwa nusu tangu asubuhi, vimewekwa kwenye kabati la kioo. Ukiagiza, vinarudishwa kwenye mafuta mara ya pili. Kisha upawa wa mafuta kwenye kikaango kidogo, viazi, mayai mawili, na kabla ya kugeuza mpishi anamwagia mafuta mengine pembeni ili zege lizunguke bila kung'ang'ania. Ni mara nne hizo. Ladha mtu anayoifuata ni ukingo wa kiazi uliokauka, yai lililoshikana, chumvi ya juu na kachumbari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mafuta mara nne.

Kwa watu watano: viazi kilo moja, mayai sita, kitunguu kimoja, pilipili hoho moja, mafuta vijiko viwili vya chakula kwa viazi na vijiko viwili vya chai kwa mayai. Kata viazi unene wa kidole, karibu sentimita moja. Ukikata vyembamba vitavunjika, ukikata vinene ndani vitabaki vibichi wakati nje vinaungua. Vioshe mpaka maji yasitoke tena meupe. Ule weupe unaotoka ni wanga wa juu, na ndio unaoshika kikaango na kuungua mapema.

Viweke kwenye maji baridi yenye kijiko kimoja cha chai cha siki kwa kila lita. Siki huzuia kiazi kumomonyoka: kinaiva lakini kingo zinabaki. Yakishachemka, hesabu dakika sita hadi nane. Ncha ya kisu ipite kwa shida kidogo. Ndugu zetu wa Arusha waongeze dakika moja au mbili. Mji uko juu, mita 1,400 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana hata maharage huko yanasumbua zaidi kuliko Moshi.

Chuja, uvitandaze juu ya kitambaa safi dakika kumi. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowaharibia. Kiazi kikiingia kwenye kikaango na maji, kinapikwa na mvuke, na mvuke hautoi rangi. Utaona viazi vimepauka, utaongeza mafuta, na shabaha yote imepotea. Vikiwa vikavu, vimwagie vile vijiko viwili kwenye bakuli na uvichanganye kwa mikono mpaka kila kipande king'ae. Mafuta yanaingia bakulini, si kikaangoni. Kikaangoni huwezi kuyagawa sawa.

Kisha palia. Washa mkaa mpaka majivu meupe yaanze kuufunika. Tandaza viazi safu moja kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, funika kwa mfuniko wa bati usio na mpini wa plastiki, weka theluthi moja ya makaa chini na theluthi mbili juu. Dakika 25 hadi 30, ugeuze mara moja tu katikati. Kilo nzima haitatosha safu moja, kwa hiyo fanya mara mbili; ukirundika, vya chini vitachemka. Kama mkaa umeisha, kikaango kisichoshika chakula kwenye gesi ya wastani kinafaa: dakika tano na mfuniko, kumi bila mfuniko, ugeuze kila upande ukishapata rangi.

Yai ni jepesi. Piga mayai matatu na nusu ya kitunguu na hoho, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye kikaango cha moto, viazi nusu, mayai juu, mfuniko, moto mdogo dakika nne au tano. Mfuniko ndio unaoivisha juu bila kulazimika kumwagia mafuta pembeni. Geuza kwa sahani. Chumvi nyunyiza juu mwishoni, bana tu ya vidole, maana ya juu ulimi unaikuta kwanza na kidogo kinaonekana kingi. Kachumbari iwe ya kabichi iliyokatwa nyembamba, nyanya, pilipili na limau, nayo ijae nusu ya sahani. Ile sosi ya nyanya ya chupa ina sukari na chumvi, isiwe kitu cha kumwaga.

Kwa kulinganisha: gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori karibu 90, na gramu hizohizo za chipsi zilizozamishwa kwenye mafuta zina karibu 300. Sehemu ya tofauti hiyo ni maji yaliyotoka, iliyobaki ni mafuta yaliyoingia. Mengi huingia wakati chipsi zinapoa: mvuke wa ndani ukitulia, kiazi kinavuta mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yake. Kwa hiyo hata siku utakayokaanga kwa kuzamisha, usiziache zipoe kwenye upawa. Zikung'ute papo hapo zikiwa bado zinatoa mvuke, uzitandaze kwenye karatasi.

Mtori

Hapa hali ni nzuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu uzito wa mtori unatoka kwenye ndizi. Siagi na mafuta ya nyama ni wageni waliozoeleka.

Mwambie wa buchani akupe mifupa ya mguu yenye nyama, robo tatu ya kilo, si mbavu zenye mafuta. Ndizi mshare kumi na tano, zilizokomaa lakini mbichi kabisa; ukimenya utomvu utoke. Ndizi iliyoanza kugeuka manjano wanga wake umeanza kuwa sukari, na mtori wake unakuwa mtamu na wa kuteleza. Vitunguu viwili, maziwa fresh kikombe kimoja, tangawizi, pilipili manga.

Chemsha nyama na tangawizi kwenye lita mbili za maji kwa moto wa chini, saa moja na nusu hadi mbili, au dakika 40 kwenye presha kuka. Usiache itokote kwa fujo: supu inayotokota kwa nguvu huchanganya mafuta yake na maji mpaka huwezi tena kuyatenganisha, na rangi inakuwa ya ukungu. Kama una friji, chemsha jana yake. Asubuhi utakuta sahani nyeupe imeganda juu, unaiinua nzima. Huna friji, epua sufuria, iache itulie robo saa, uiinamishe kwa kuweka kijiti chini ya upande mmoja. Chukua upawa, uushushe taratibu mpaka mdomo wake uwe chini kidogo tu ya uso wa supu. Yale ya njano yataingia yenyewe na supu itabaki. Rudia mpaka yabaki macho machache machache ya mafuta. Usiiache supu usiku kucha mezani ati igande. Moshi ya mwezi wa saba ina baridi, lakini si friji.

Katika yale uliyoyaengua, toa kijiko kimoja cha chai uweke pembeni. Mengine mwaga, lakini si kwenye sinki, yataganda kwenye bomba.

Menya ndizi ndani ya maji yenye limau zisiwe nyeusi, kisha zisuuze. Zipike kwenye supu pamoja na kitunguu kimoja, dakika 25 hadi 35, mpaka mwiko uzipasue bila kusukuma. Ponda kwa mwiko ukiacha mabonge madogo. Wenye blenda wasiiache izunguke: sekunde chache tu, maana wanga wa ndizi mbichi ukisagwa sana ukiwa wa moto unageuka gundi, na hapo ndipo mtu anaanza kuongeza siagi kuulainisha. Mtori mzito kupita kiasi dawa yake ni supu ya moto.

Maziwa yachemshe pembeni, yapoe, uondoe utando wa juu, wawekee watoto kwenye uji. Mimina maziwa kwenye mtori moto ukiwa mdogo kabisa, dakika mbili, epua. Ukishaweka maziwa usikamulie limau sufuriani, yatakatika. Anayetaka limau akamue kwenye bakuli lake.

Sasa kile kijiko cha chai cha mafuta ya nyama. Kipashe kwenye kikaango kidogo, kaanga nusu ya kitunguu cha pili kilichokatwa vyembamba mpaka kiwe kahawia kabisa, ukiona kinakauka ongeza kijiko cha maji, kisha mwaga juu ya mtori ukiwa unapakua. Harufu ya nyama imo kwenye mafuta yake, na ikiwekwa juu mwishoni inafika puani nzima. Mzee atakuambia leo umeweka siagi.

Usiulainishe mtori kwa magadi, wala kiburu cha nyumbani, zile ndizi zinazopikwa na maharage. Magadi ni sodiamu, na mwenye presha anayahesabu kama chumvi. Juu ya hapo yanaua sehemu ya vitamini B1 kwenye maharage. Loweka maharage usiku kucha, umwage yale maji, upike kwa maji mapya. Yatalainika bila magadi kwa subira kidogo.

Chapati

Nusu kilo ya unga, chapati nane. Tumia gramu 300 za unga mweupe na 200 za atta, ule unga wa ngano wenye pumba zake. Mkikosa mazoea anzeni na 400 kwa 100. Watoto huikataa chapati ya kahawia siku ya kwanza. Chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji karibu mililita 320.

Nusu ya maji hayo yawe yametoka kuchemka muda huo huo. Mimina kwanza yale ya moto, koroga kwa mwiko, halafu ongeza ya vuguvugu na uanze kukanda. Maji yanayochemka huuivisha wanga kidogo, na wanga huo hushika maji ambayo yangetoka kwenye kikaango. Ulaini ambao watu huununua kwa mafuta unapatikana hapo. Donge liwe laini kuliko ulivyozoea, linate kidogo mkononi. Kanda dakika kumi, funika, liache dakika 40. Pumba za atta hunywa maji polepole. Ukisukuma mapema utadhani donge ni jepesi, kumbe litakaukia motoni.

Tabaka: koroga vijiko viwili vya chakula vya mafuta na kijiko kimoja cha unga, upate rojo. Rojo hilo, ukilipaka kwa brashi, linatosha chapati zote nane, kwa sababu unga ndani yake unatenganisha tabaka na mafuta hayakimbii. Sukuma, paka, kunja, sokota, acha dakika kumi, sukuma tena.

Kikaango kiwe cha moto hasa, na kikavu. Chapati iingie bila mafuta: sekunde 40, vijitokeze vipele, geuza, sekunde 40 nyingine. Ndipo upake nusu kijiko cha chai upande mmoja, geuza, nusu kijiko upande wa pili, bonyeza kingo. Uso ulioshakauka haunywi kama unga mbichi. Ukijumlisha yote, kila chapati imepata chini ya kijiko kimoja cha chakula, kwenye donge, tabaka na kikaango pamoja. Kwa mazoea ya mitaani kikaango peke yake hukipita kiasi hicho.

Ikitoka ngumu, mara tisa kati ya kumi moto ulikuwa mdogo. Moto mdogo unaikausha kabla haijapata rangi, na mpishi anaongeza mafuta kuiokoa. Zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa kwenye hotpoti, mvuke wa moja ulainishe nyingine.

Na mbili kwa mtu zinatosha, zikiwa na maharage. Maharage hayo uyaunge kwa kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo, na kama ni ya nazi tumia tui jepesi, ulitie mwishoni. Tui zito ni mafuta, tena yale magumu.

Maandazi

Maandazi ya kupalia ni mikate midogo. Ni mitamu, ila mtoto aliyeahidiwa andazi atajua. Ushauri wangu ni kuyakaanga vizuri mara moja kwa wiki, na siku nyingine chai iende na viazi vitamu, magimbi au ndizi mzuzu ya kuchoma.

Ukiyakaanga: unga nusu kilo, sukari vijiko vinne tu vya chakula, mafuta kijiko kimoja kwenye donge. Donge lenye sukari na mafuta mengi hunywa mafuta zaidi, na sukari nyingi huleta rangi nje wakati ndani ni bichi. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 180. Huna kipima joto, dondosha kipande cha donge: kikizama na kukaa chini, bado, kikipanda mara moja na kuzungukwa na mapovu, tayari, kikiwa kahawia ndani ya sekunde chache, punguza moto. Usijaze karai, maana kila andazi baridi linashusha joto, na mafuta yaliyopoa ndiyo yanayowapa maandazi ule uzito wa kulainisha vidole. Yakitoka, yasimamishe kwa ubavu kwenye chujio. Ukiyarundika kwenye sufuria na kufunika, yanajilowesha. Mafuta yaliyobaki yachuje. Yakianza kutoa moshi mapema au kuwa na povu lisilokwisha, yamekwisha kazi.

Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni chini ya gramu 5, kama kijiko cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya mkate, ya viungo vya paketi na ya vile vipande vya supu. Ukitumia hivyo vipande, chumvi nyingine usiweke. Usihamie kwenye chumvi mbadala ya dukani kabla ya kumuuliza daktari: nyingi zina potasiamu, na kama figo za mzee wako zina tatizo, au anatumia baadhi ya dawa za presha, potasiamu inaweza kumdhuru. Kama ni figo, hata ndizi na viazi nilivyokuandikia hapa vinahitaji kipimo cha daktari kwanza.